Kutoka Mombo hadi Mnazi: shajara ya baiskeli Usambara Magharibi

Jumamosi, Dar es Salaam

Leo tumefanya kikao cha mwisho uani kwa mwenzetu, Kinondoni. Ramani ilitandazwa mkekani, na wenzetu wa Arusha na Moshi tuliwasikia kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Tuko saba: mwalimu wa Arusha ambaye hakuna kilima cha chini ya Meru asichokijua, fundi wa Moshi, dada nesi wa Tanga ambaye kwao ni Lushoto, ndugu wawili wa hapa Dar waliokulia kwenye njia za Pugu, binti wa Morogoro aliyejifunzia baiskeli Uluguru, na mimi. Hakuna hata mmoja anayehitaji kuelekezwa lini abadili gia.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukisafiri na watu wanaoanza, wanakusikiliza. Ukisema simameni, wanasimama. Wazoefu kila mmoja ana kipimo chake cha mwendo, cha mteremko, cha saa ya kula, na kila kipimo ni sahihi kwa mwenye nacho. Nimeshuhudia kundi la watu hodari likitawanyika mlimani kwa sababu hakuna aliyedhani mwenzake anahitaji kungojwa. Ndiyo maana nimeng'ang'ania kikao hiki tangu Juni.

Njia ilishachaguliwa. Kilimanjaro iliondolewa mapema kwa ajili ya ada za hifadhi. Uluguru tunaipenda, lakini njia zake nyingi ni za kubeba baiskeli begani. Usambara Magharibi inatupa kitu ambacho si rahisi kukipata kwingine: tunaanzia chini tambarare Mombo, tunapanda hadi Lushoto, tunatembea juu ya milima kijiji hadi kijiji, kila jioni kuna chakula na kitanda, halafu tunashuka upande wa pili kwa mteremko mmoja mrefu. Wakati nao ulijichagua. Masika yamepita, vuli haijaanza, na mwisho wa Agosti baridi ya kipupwe inaanza kulegea.

Ubishi ulikuwa juu ya idadi ya siku. Mwalimu alitaka tutoke Mombo asubuhi tulale Mtae, ukingo wa kaskazini wa milima. Nguvu anazo, sote tunazo tukijikaza. Nesi akamjibu kwa upole, "Kaka, kufika tutafika. Mimi nauliza, mtu akivunjika mkono saa kumi na mbili jioni, gari liko wapi na hospitali iko wapi?" Hospitali ya wilaya iko Lushoto, na ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga mjini. Kila kilomita tunayoenda kaskazini inatuweka mbali na zote mbili. Mwalimu alinyamaza kidogo, akasema sawa, tuzigawe.

Tumekubaliana hivi. Kila siku ina mkuu wake, na neno lake kuhusu muda na kusimama halipingwi njiani. Mwenye hoja aisubirishe hadi jioni. Kila siku ina mfunga msafara, asiyepita mtu yeyote hata kama anaweza. Na sheria niliyoipigania kuliko zote: kwenye njia panda, aliye mbele anasimama hadi amwone anayemfuata kwa macho yake na kuhakikisha ameiona njia. Kusikia sauti hakutoshi. Kila mtu anamchunga mmoja tu, aliye nyuma yake, na kwa hiyo kundi zima linachungwa.

Jumatano, kufunga mizigo

Basi linaondoka alfajiri, hivyo baiskeli zimefungwa leo. Ndugu wawili walizileta zao kwangu tuzifunge pamoja. Gurudumu la mbele linatolewa, usukani unageuzwa ulale sambamba na fremu, pedeli zinafunguliwa (ya kushoto hufunguka kinyume na mazoea), na dereila ya nyuma (kifaa cha kuhamisha cheni kwenye gia) tunaifungua na kuiviringishia kitambaa, kwa sababu kipande chembamba kinachoishikilia kwenye fremu ndicho cha kwanza kupinda mizigo ikilaliana kwenye buti. Kila mmoja anabeba chake cha akiba. Hakiingiliani kati ya aina moja ya fremu na nyingine, na Lushoto hutakipata.

Jambo moja dogo huokoa safari. Gurudumu lenye breki za diski likishatoka, katikati ya pedi za breki pachomekwe kipande cha boksi kilichokunjwa. Mkono wa breki ukibanwa kwa bahati mbaya ndani ya basi, na diski haipo, pistoni zinasogea zinakutana, na hazirudi kwa urahisi. Kipande cha boksi kinakaa mahali pa diski.

Pampu mbili, cheni ya akiba na viungio vyake, tyubu za akiba ingawa sote tunatumia tairi zisizo na tyubu, maji ya kuziba pancha, sindano na uzi mzito wa kushonea tairi iliyochanika, pedi mpya za breki kwa kila baiskeli. Pedi tumechagua za metali, si za resini. Zinapiga kelele, lakini zinavumilia joto. Sanduku la dawa analo nesi, na hela ya pamoja anayo yeye pia.

Alhamisi, Mombo hadi Lushoto

Tulishuka Mombo saa sita mchana. Jua la pale halina mzaha: mji uko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na ukuta wa milima umesimama nyuma yake. Wenzetu wa kaskazini walikuwa wametangulia, wamekaa kwenye kivuli cha mgahawa wa stendi, baiskeli zao tayari zimeunganishwa. Mkuu wa siku alikuwa fundi. Hakuturuhusu kuondoka hadi alipopita kwenye kila baiskeli, akabana kila bolti ya usukani na kuzungusha kila gurudumu. Alimkuta kaka mdogo, wa wale ndugu wawili, na spoki moja iliyolegea, akaikaza palepale.

Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, na kimo unachopanda ni karibu mita 1,000. Barabara inauma ubavu wa mlima, inafuata korongo la mto, kona juu ya kona. Tuliipanda kwa mstari mmoja, kushoto kabisa, kwa sababu Fuso za mboga hushuka humo zikiwa zimejaa hadi juu na dereva haoni nyuma ya kona. Mkulima wa kabichi wa Lushoto na mlaji wa Dar wameunganishwa na lami hii nyembamba, na kila mwendesha baiskeli aiheshimu hivyo.

Soni tulisimama kunywa chai na kuangalia maporomoko yake chini ya barabara. Karibu na hapo ndiko Vuga, makao ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa aliyetawala hadi 1862 na ambaye himaya yake ilienea hadi pwani. Nesi alituonyesha kwa kidole upande ilipo. Kutoka Soni hewa ilibadilika, shati lililolowa jasho likaanza kuwa la baridi, na fundi akaamuru kila mtu avae jaketi kabla hajasikia baridi. Tuliingia Lushoto jua likizama.

Ijumaa, Lushoto

Siku ya kazi ndogondogo. Asubuhi tulipanda Irente bila mizigo, kupasha misuli na kuona kule tulikotoka: unasimama ukingoni pa jabali na tambarare yote ya Mazinde iko miguuni pako. Tulinunua mkate na jibini za shamba la Irente, na sokoni mjini tukapata matunda.

Mchana nilikwenda na nesi kushughulikia kibali cha msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unaingia na mwongozaji. Tuliuliza wazi ni njia zipi baiskeli zinaruhusiwa na zipi haziruhusiwi. Mhifadhi alituchorea kwa kalamu. Naona hii ni sehemu ya mpango kama ilivyo pampu, maana njia iliyoharibiwa na tairi kwenye mteremko wenye unyevu hugeuka mfereji mvua ya kwanza ikinyesha, na watakaoumia ni wanaoipita kila siku wakiwa na kuni kichwani.

Jumamosi, Magamba, Lukozi, Rangwi

Mkuu wa siku ni nesi. Tulitoka saa kumi na mbili na nusu, kivuli kikiwa bado kimeshikilia bonde, tukapanda hadi Magamba. Mwongozaji alitungojea getini na baiskeli ya chuma isiyo na gia, breki zake za fito. Kwenye njia ya msituni alitutangulia, akishuka pale penye mizizi kwa kusimama juu ya pedeli, magoti yamelegea, na sisi tuliokuwa na shokapu mbele na nyuma tukajifunza mstari wake. Mwalimu alimfuata kwa karibu sana na kuniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona mtu anayeisoma njia vile.

Msitu ule ni wa kale. Kuna miti ya mikulo, minene, ambayo watu wawili wakishikana mikono hawaifikii mzunguko, kuna minara ya miti ya mwangati, na mbega walikuwa juu, manyoya meupe yakining'inia kama shela. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki. Ni misitu ambayo imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kiasi kwamba ina mimea na wanyama wasiopatikana pengine popote. Mwongozaji alitusimamisha atuonyeshe kinyonga kwenye tawi la usawa wa usukani. Tulikuwa tumeshampita sote.

Ukungu ulitukuta tulipotoka msituni. Uliingia ghafla, mzito, na barabara ya vumbi ikawa haionekani zaidi ya baiskeli mbili mbele. Nesi alisimamisha kundi, akawasha taa yake ya nyuma na kutaka kila mmoja afanye hivyo, akasema mwendo ni wa yule wa mwisho. Ndugu wawili walikuwa mbele na miguu yao bado mibichi. Mwalimu alikuwa mbele yao.

Kabla ya Lukozi kuna njia nyingi zinazochepuka kwenda mashambani, na katika ukungu zote zinafanana. Kwenye mojawapo nilimkuta kaka mdogo amesimama peke yake, amejifunika kofia ya jaketi, ananingoja. Aliniambia tu, "Kulia, kaka," akaendelea kumfuata wa mbele yake. Kwenye nyingine nilisimama mimi. Nilisikia minyororo kabla ya kuona taa, nikamwona binti wa Morogoro, nikamwonyesha, nikaondoka. Tulifika Lukozi tukiwa wote saba, na aliyesimama njia panda ya mwisho, akitetemeka kwa baridi, alikuwa mwalimu. Angeweza kuwa ameshakula. Hakuna aliyesema neno. Nesi alimpa kikombe cha kwanza cha chai ya tangawizi.

Lukozi ni soko la mboga lenye pilikapilika. Viazi, karoti na kabichi vinapakiwa kwenye magari ya kwenda Dar na Tanga, wabebaji wanakimbia na magunia, na hapo baiskeli unaisukuma kwa mkono. Tulikula makande, sahani kubwa, mahindi yameiva laini. Mlima wa upande wa magharibi wa barabara hii ndio wa Shume. Wajerumani walijenga huko njia ya nyaya za kubebea mbao za mwangati kutoka juu hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukiuona ukingo ulivyokatika unaelewa kwa nini walichagua waya badala ya barabara. Ukingo huohuo ndio uliotulazimisha, kwenye ramani ya Kinondoni, kuamua kwamba gari letu la msaada lisijaribu kutufuata kwenye mteremko wa mwisho bali lizunguke litungojee kule tutakakoshukia.

Mchana ukungu ulipanda, tukaacha barabara kuu na kushuka kwa njia za mashambani kuelekea Rangwi. Hapa sheria ilikuwa moja na haina mjadala: anayetembea kwa miguu ana njia, anayepanda na mzigo ana njia mara mbili. Tulikuwa tunashuka kwenye baiskeli mara nyingi, tunasimama pembeni, tunasalimia. Nesi alikuwa anatutangulizia "Onga mshi!", salamu ya Kisambaa, na kina mama wakimjibu kwa furaha wakimuuliza kwao ni wapi. Kwenye kijiji kimoja tuliingia ofisi ya serikali ya kijiji, tukajitambulisha kwa mwenyekiti. Mzee yule alituuliza maswali ya maana kuhusu njia yetu, halafu akatuambia daraja la miti tulilopanga kulivuka limeondoka na masika, akatuelekeza kivuko kingine. Ramani ya simu ilikuwa bado inalionyesha.

Rangwi tulilala kwa watawa, ambao hupokea wageni wapita njia. Maji ya moto kwenye ndoo, supu, wali na maharage. Sijui kama kuna hoteli ingetufaa zaidi.

Jumapili, Rangwi hadi Mambo

Tulichelewa kuondoka kwa hiari, watu wakienda na kutoka misa, na hatukutaka kupita katikati yao na matope. Siku fupi, ya kupanda sana. Binti wa Morogoro alikuwa mkuu wa siku na alituendesha kwa mwendo mmoja usiobadilika, dakika kumi za mapumziko kila saa, maji kila anaponywa yeye. Mdogo kuliko sote, na hakuna aliyekaidi.

Barabara ya Mtae inapita juu ya mgongo wa mlima, na mbele kabisa nchi inaisha. Kijiji cha Mtae kimekaa kwenye ukingo huo, bonde huku na bonde kule. Mambo, karibu mita 1,900 juu ya bahari, ndiko tulikolala. Jioni hewa ilikuwa safi, tukaona Mkomazi yote, hifadhi ya taifa tangu 2008, na nyuma yake milima ya Upare.

Baada ya chakula fundi alichukua nafasi. Alitaka tuelewe kesho kuna nini. Mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 90, wanashuka kama mita 1,400. Kwenye njia yenye kasi upepo unachukua sehemu ya nguvu hiyo, lakini kwenye njia ya mwinuko mkali unayoishuka polepole karibu yote inaishia kwenye breki. Ni joto la kutosha kuchemsha lita tatu za maji, akasema, na wewe unalimwaga kwenye vibati viwili vyembamba. Akatubadilishia pedi zote zilizokwisha zaidi ya nusu, hata wale waliosema bado.

Jumatatu, Mambo hadi Mnazi

Mkuu wa siku, mwalimu. Dereva alitoka na gari alfajiri kuzunguka kwa njia ya Mlalo na Mng'aro atukute Mnazi. Mwalimu alitupanga ukingoni: nafasi kati ya mtu na mtu iwe ya kutosha vumbi la wa mbele litulie, kusimama kila baada ya robo saa kupooza diski, atakayeona mkono wa breki unazama zaidi ya jana apige kelele mara moja. "Hakuna aibu ya kushuka na kuikokota," alisema. "Mimi nitakuwa wa kwanza."

Alikuwa wa kwanza kweli, kwenye ngazi za mawe mara tu baada ya kuanza. Njia ile ni ya watu wa miguu, inateremka kwa zigizaga, ukuta wa mwamba mkono mmoja na hewa mkono mwingine. Hapo unaendesha kwa kidole kimoja kila mkono, unabana unaachia, unabana unaachia, kamwe hubani moja kwa moja. Visigino chini, makalio nyuma ya siti, macho kwenye kona inayofuata wala si kwenye jiwe lililo mbele ya tairi. Jiwe hilo ulishaliamua.

Kwenye kituo cha tatu kaka mdogo alisema breki yake ya nyuma imekuwa laini. Mkono ulikuwa unagusa usukani. Fundi alitemea mate kidogo kwenye diski, yakachemka yakatoweka. Tulikaa chini ya mti karibu nusu saa, hakuna aliyeharakisha. Ilipopoa mkono ulirudi kuwa mgumu. Fundi akatoa pedi akaziangalia: uso wake ulikuwa umeng'aa kama kioo, akausugua kwa msasa hadi ukawa na ukungu tena, akazirudisha. Kaka mkubwa alitaka kubadilishana baiskeli na mdogo wake. Mwalimu alikataa, akamweka kaka mdogo nafasi ya pili nyuma yake mwenyewe, na vituo vikawa kila dakika kumi.

Joto lilitupokea kabla ya tambarare. Majaketi yakaingia kwenye mabegi, miti ya milimani na mashamba yakabaki juu, tukaingia kwenye vichaka vya miiba na vumbi jekundu. Pancha mbili zilizibwa na maji ya tairi bila hata kushuka. Mnazi tulifika saa nane, gari likiwa kwenye kivuli cha mwembe na dereva ameshatununulia maji ya baridi.

Tulikula, tukafunga baiskeli, na nesi akatoa daftari la hela ya pamoja. Kuna kilichobaki; tumekubaliana kinunue pedi za akiba za aina tatu ziwe mali ya kundi. Fundi ameomba muda wa kukagua baiskeli uwe siku nzima badala ya saa moja stendi. Mwalimu ametaka safari ijayo iwe milima ya Pare, Same hadi Usangi, Februari kabla ya masika, na amependekeza binti wa Morogoro apange njia yote. Binti ameshaomba tumtumie kila mmoja kimo anachokimudu kwa siku, kabla ya Ijumaa.